Mwili wauma, nguvu hazipo, vipimo viko sawa: namna ya kutafuta jibu ukiwa Mombasa

Ingia kliniki yoyote ya mtaani, iwe Kisauni, Likoni au Changamwe, useme "naumwa mwili mzima, sina nguvu." Utatobolewa kidole, na baada ya nusu saa utaambiwa una malaria kidogo na taifodi kidogo. Utapewa dawa za wiki moja na sindano ya maumivu, na siku ya kumi uko pale pale. Mwezi ujao unajaribu kliniki nyingine, na huko nako wanaanza na kidole. Wako watu waliomaliza miaka miwili hivi. Mara nyingi ugonjwa wao si wa ajabu. Tatizo ni kwamba kila wanapobadilisha mlango, uchunguzi unarudi sufuri.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye maumivu na uchovu wake umepita miezi mitatu. Lengo ni moja: usianze upya tena.

Yasiyosubiri

Nenda kitengo cha dharura leo hii ikiwa mgongo unauma pamoja na ganzi sehemu unayokalia, au mkojo umeziba au unatoka wenyewe. Vivyo hivyo mguu au mkono ukilegea ghafla, kifua kikibana, choo kikiwa cheusi kama lami, au kiungo kimoja kikivimba na kuwa cha moto huku una homa. Mtu aliyepita miaka 50 anayeumwa na kichwa kwa namna mpya, hasa panjani (kando ya paji la uso), na taya linachoka akitafuna, asilale nalo. Huo waweza kuwa uvimbe wa mishipa ya damu, nao huchukua macho.

Mengine si ya leo bali ni ya wiki hii: homa inayorudi, tezi zilizovimba, maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku, kupungua uzito bila kutaka (kwa mtu wa kilo 70, kilo tatu na nusu ndani ya miezi sita hadi mwaka zinatosha kushtua), na jasho la usiku. Tunajua, Februari Mombasa kila mtu analowa. Linalohesabika ni lile linalolowesha shuka lako ilhali mwenzako chini ya feni hiyo hiyo amekauka.

Iondoe malaria na taifodi mezani

Malaria haimtesi mtu miezi saba mfululizo kwa maumivu ya viungo. Tena kile kipimo cha haraka cha mistari chaweza kuendelea kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa sababu kinanasa protini waliyoiacha. Ukipata mstari na hivi karibuni ulimeza dawa ya malaria, omba damu iangaliwe kwa darubini.

Taifodi ndiyo inayopoteza watu zaidi. Kipimo cha Widal, kile chenye majibu kama 1:80 au 1:160, kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo kinga ya mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa, na kingamwili hubaki mwilini baada ya ugonjwa wa zamani au chanjo. Kukipima mara moja tu hakuthibitishi kitu. Daktari anayeshuku taifodi kwa dhati huotesha damu maabarani. Brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nayo vivyo hivyo: vile vipimo vya haraka hutoa majibu ya uongo mara nyingi, na tiba yake ni dawa mbili kwa angalau wiki 6, kwa hivyo si dawa ya kubahatisha. Lakini kama unakunywa maziwa mabichi, ya ng'ombe au ya ngamia, sema. Hapo shaka ina msingi na kipimo cha pili cha kuthibitisha kinastahili.

Swali ambalo halikosi maana hapa Pwani ni chikungunya. Mombasa ilipigwa mwaka 2004, ikapigwa tena mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, na aliyeugua anajua kwa nini. Homa huisha kwa siku chache ila vifundo vya mikono, vya miguu na vidole huweza kuuma kwa miezi, wengine kwa miaka. Kama maumivu yako yalianza wiki ya homa kali ya ghafla, hasa wakati nyumba nzima au mtaa mzima ulikuwa unachechemea, andika mwezi huo. Kumbukumbu hiyo ina thamani kuliko kipimo, maana kingamwili peke yake itasema uliwahi kuugua, haitasema ndiyo inayokuumiza leo.

Daftari la wiki mbili

Hospitali nyingi za umma hutaka uje na daftari. Nunua mawili, la pili ni lako. Kwa siku 14 andika mistari michache tu: umelala na kuamka saa ngapi na kama umeamka umepumzika, vidole au mgongo vilikuwa vigumu kwa dakika ngapi, wapi panauma, kwa alama 0 hadi 10, asubuhi na usiku, ulifanya kazi gani, dawa gani ulimeza. Mwanamke aongeze siku za hedhi. Tazama madaftari mawili ya mfano:

"Jumatatu. Nimeamka saa kumi na mbili. Vidole havikunji ngumi mpaka saa moja na nusu. Vifundo vya mikono 6, nyayo 5. Nikishapika na kuzungukazunguka napata afadhali. Ibuprofeni 1."

"Jumanne. Nimefua nguo za watu wanne, nikajihisi sawa. Jumatano, kawaida. Alhamisi, siwezi kunyanyuka, mwili kama nimepigwa rungu, koo lauma, maneno yanipotea. Ijumaa vile vile."

La kwanza, ugumu wa dakika 90 unaolainika kwa kutembea, linaelekeza kwenye viungo vilivyovimba kwa ndani, mfano baridi yabisi ya kingamwili (kinga ya mwili inaposhambulia viungo vyake yenyewe). Ugumu wa dakika kumi haumaanishi hivyo. La pili ni jambo jingine kabisa: kuanguka kwa nguvu saa 12 hadi 48 baada ya kazi. Bila daftari, hakuna ambaye angeunganisha Alhamisi na nguo za Jumanne, hata mwenye mwili.

Halafu kuna neno "uchovu", ambalo linaficha mambo matano. Ukisema "nimechoka" daktari anasikia moja kati yake, na si lazima liwe lako. Kama unasinzia kwenye matatu na nyumbani wanalalamika unakoroma na kukata pumzi, huo ni usingizi mbovu. Kama huwezi kuinuka mkekani bila kushika ukuta, huo ni udhaifu wa misuli au mifupa. Kama ngazi za ghorofa ya pili zinakumaliza pumzi, ni damu, moyo au mapafu. Kama nguvu zipo ila hakuna unalolitaka, hata lile ulilokuwa ukilipenda, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Na kama unaweza kufanya kazi leo lakini unailipia keshokutwa, hilo ni la daftari la pili. Chagua sentensi yako na uiseme hivyo hivyo.

Maumivu nayo yana majina. Kuwaka moto, ganzi na sisimizi nyayoni wakati wa usiku ni lugha ya mishipa ya fahamu: sukari, upungufu wa vitamini B12 (dawa ya sukari ya metformini ikimezwa kwa miaka huishusha), pombe, VVU, au dawa ya TB iitwayo isoniazidi. Kugonga na uzito ni lugha nyingine, ya misuli na viungo. Mgongo ulioanza kuuma kabla ya miaka 45, unaouma zaidi ukilala na kupungua ukitembea, huenda hautokani na kubeba mizigo bali na uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo.

Karatasi moja

Kutokana na daftari, andika ukurasa mmoja, usizidi. Juu kabisa: umri, kazi, lini ulikuwa mzima mara ya mwisho, na jambo lililotokea karibu na mwanzo (homa, uzazi, ajali, msiba, dawa mpya). Katikati: dalili tatu kubwa na yale usiyoweza tena kufanya, kwa vitendo: "zamani nilitembea toka Mwembe Tayari mpaka Marikiti na kapu, sasa nachukua tuktuk." Chini: vipimo vyote vya nyuma kwa tarehe na namba, si "vilikuwa sawa." Mwisho: kila dawa uliyotumia, iliyosaidia na isiyosaidia.

Kwenye dawa usione haya. Taja mitishamba, kombe, na hijama umefanya mara ngapi, kwa sababu kutolewa damu mara kwa mara hushusha madini ya chuma. Taja miraa na muguka, kwani usingizi ulioharibika huleta maumivu peke yake. Na taja ile sindano. Sindano nyingi za maumivu za dukani huchanganywa na deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe, na vile vidonge vidogo vya "kuongeza hamu ya chakula" mara nyingi ni prednisoloni au dawa ya jamii yake. Hizi humfanya mtu apone wiki mbili, huficha baridi yabisi na lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili wenyewe) zisionekane kwenye vipimo, hupandisha sukari na kulainisha mifupa. Kama umezimeza kila siku zaidi ya wiki tatu usiziache ghafla, maana tezi zako za juu ya figo zimeshalala na presha yaweza kuporomoka. Daktari atazipunguza taratibu. Beba pakiti zenyewe. "Vidonge vyeupe" havimsaidii mtu.

Ndani ya chumba

Una dakika kumi ukibahatika. Toa karatasi kwanza, kisha sema sentensi moja: "Daktari, nina miezi saba ya maumivu ya viungo na uchovu, nimetibiwa malaria mara tatu, ningependa tuanzie hapa." Usiingie na jina la ugonjwa ulilolitoa kwenye simu, mazungumzo yatageuka ubishi. Nenda na mtu anayekuona kila siku, mume, dada au shangazi, kwa sababu yeye ndiye ataeleza ulivyobadilika.

Ikiwa anaandika vipimo kabla hajakugusa, omba kwa adabu akuangalie viungo. Uchunguzi wa maana ni huu: uzito, presha ukiwa umelala na umesimama, utando wa macho, tezi za shingo na kwapa, kukandamizwa vifundo vya vidole, kugongwa magoti, na kubonyezwa mfupa wa muundi. Muundi unaouma ukibonyezwa, pamoja na shida ya kuinuka kutoka chini, unaashiria mifupa iliyolainika kwa kukosa vitamini D. Wengi hawaamini kuwa hilo laweza kutokea mji wenye jua kali namna hii, lakini jua halipiti kwenye buibui wala kwenye ukuta wa ofisi.

Kabla ya kutoka uliza: unashuku nini? Kipimo hiki kitabadilisha nini? Tukikosa, hatua inayofuata ni ipi, na nirudi lini?

Vipimo, kwa mpangilio

Raundi ya kwanza yapatikana hospitali za ngazi ya 4 na maabara nyingi za kawaida: hemogramu kamili (hesabu ya chembe za damu), ESR au CRP (vipimo vya uvimbe wa ndani ya mwili), sukari ya asubuhi kabla ya kula, figo, ini, kalsiamu na fosfatasi ya alkali (kimeng'enya cha mifupa na ini), TSH ya tezi la shingo, mkojo, na VVU. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kiongezewe kipimo cha makohozi cha GeneXpert, cha kutafuta TB. Hicho na cha VVU ni bure hospitali za umma. Aliyekulia au kuogelea kwenye mito na mabwawa ya Kwale, mkojo wake uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Na vidonge vya nywele na kucha viache angalau siku mbili kabla, kwani biotini huvuruga kipimo cha tezi.

Hemoglobini chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, au chini ya 13 kwa mwanamume, ni upungufu wa damu. Hapa ndipo uchunguzi mwingi hufa: mtu anapewa dawa ya kuongeza damu na kuambiwa aende. Upungufu wa damu ni dalili. Lazima iulizwe damu inakwenda wapi. Mwanamke anayebadilisha pedi kila saa moja au mbili, au anayetokwa na damu zaidi ya siku 7, jibu lake huenda liko kwenye kizazi, na maumivu ya nyonga yanayofuata hedhi yaelezwe pia. Mwanamume, au mama aliyekwisha koma hedhi, atafutwe damu tumboni: minyoo, vidonda vilivyoletwa na diklofenaki na ibuprofeni za kila siku, au uvimbe. Ferritini, kipimo cha akiba ya chuma, huweza kuwa chini hata hemoglobini ikiwa sawa, na mtu akachoka vilivyo. Chini ya 15 haina mjadala. Ila mwili wenye uvimbe wa ndani huipandisha kwa uongo, kwa hivyo isomwe pamoja na CRP. Na kama umeandikiwa chuma, usikimeze na chai ya maziwa na mahamri. Chai hukizuia kisiingie.

ESR hupanda kwa umri na kwa upungufu wa damu. Kadirio la kitabibu la kikomo chake cha juu ni nusu ya umri kwa mwanamume. Kwa mwanamke ongeza 10 kwenye umri kisha gawa kwa mbili. Mama wa miaka 60 mwenye ESR 34 hana la kumshtua. Mwenye 95 analo, na hapo saratani ya uboho, TB na magonjwa ya kingamwili yatafutwe kwa bidii.

Raundi ya pili ifuate alichokiona daktari kwa mkono na daftari. Viungo vikivimba: RF na anti-CCP (vipimo vya damu vya baridi yabisi) na picha za mikono. Upele wa jua, vidonda vya mdomo, protini kwenye mkojo: ANA (kipimo cha kutafuta lupasi). Misuli dhaifu: CK (kimeng'enya cha misuli). Ganzi: B12. Usiombe hivi vyote kwa mkupuo. ANA huonekana kwa watu wengi wazima wenye afya, na RF huwa hasi kwa yapata mgonjwa 1 kati ya 5 wa baridi yabisi. Vile vifurushi vya "uchunguzi wa mwili mzima" vinavyotangazwa, vyenye alama za saratani ndani yake, kwa maoni yetu ni pesa za kununua hofu. Picha ya MRI ya mgongo nayo, bila dalili za mishipa, mara nyingi itaonyesha diski iliyotokeza, kitu ambacho wengi wasioumwa wanacho.

Vyote vikiwa sawa

"Huna kitu" si jibu, na vipimo vilivyo sawa havimaanishi unajifanya. Kuna magonjwa yanayotambuliwa kwa maelezo pekee, na daktari anayaandika kama ugonjwa mwingine wowote.

Fibromialgia ni maumivu yaliyosambaa angalau sehemu nne kati ya tano za mwili (mikono na miguu kila upande, na uti wa mgongo) kwa miezi mitatu au zaidi, pamoja na usingizi usiopumzisha, uchovu na akili nzito. Zamani madaktari walihesabu vituo 18 vya kubonyeza. Vigezo vya sasa havivihitaji. Unaweza kuwa nayo pamoja na baridi yabisi, hivyo moja haifuti nyingine.

Ugonjwa wa uchovu sugu, ME/CFS, ndio wa lile daftari la pili: uwezo kushuka sana kwa miezi 6, kuanguka baada ya kazi, usingizi usiosaidia, na ama akili kuwa nzito ama kushindwa kusimama kwa muda. Kutofautisha na fibromialgia si suala la jina. Mwenye fibromialgia husaidiwa na mazoezi yanayoongezwa pole pole. Mwenye ME/CFS akisukumwa hivyo hivyo huzidiwa.

La kusimama unaweza kulipima nyumbani. Kunywa maji, lala dakika 10, hesabu mapigo ya moyo. Simama umeegemea ukuta, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, hesabu kila dakika kwa dakika 10, na mtu awe kando yako. Mapigo yakipanda 30 au zaidi na kubaki huko, peleka namba hizo kwa daktari apime na presha. Usifanye ukiwa umefunga, wala saa nane ya mchana bila feni. Joto na kiu vitakudanganya.

Mlango upi, na pesa

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu ukiwa umejisajili SHA, bima ya afya ya taifa, kwa *147#, kwani huduma za ngazi ya 2 na 3 hazingoji mchango. Vipimo vya raundi ya kwanza na daktari utavipata Tudor, Port Reitz au Likoni. Kliniki za mabingwa ziko Coast General, ile ambayo wengi huiita Makadara, na utahitaji barua ya rufaa. Itake iandikwe swali, si "kwa uchunguzi zaidi": "ugumu wa asubuhi dakika 90, ESR 70, je ni baridi yabisi?" Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani ndiye wa kwanza. Mabingwa wa baridi yabisi ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo usipande treni Miritini kabla raundi mbili hazijaisha na majibu hayajakuwa mkononi.

Kabla damu haijatolewa, uliza kila kipimo bei yake na kipi bima italipa. Omba nakala ya kila jibu siku hiyo hiyo na ulipige picha. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako. Ukihama hospitali, hama na nakala hizo.

Wakati unangoja, parasetamoli gramu moja kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku (na kidogo kuliko hapo kwa mwenye ini bovu au mnywaji mkubwa wa pombe), ni salama kuliko diklofenaki ya kila siku, hasa mwenye presha, figo au vidonda. Panga kurudi baada ya wiki 6 hata kama hujaitwa. Usipopata jibu, rudia uzito, hemogramu, ESR na kushikwa viungo baada ya miezi 3 hadi 6, kwa daktari yule yule. Baridi yabisi na lupasi huwa na tabia ya kujionyesha polepole, na ESR iliyotoka 18 ikafika 52 inaonekana tu na mtu mwenye karatasi zote mbili.